Hina nyumbani na watoto likizo hii, nianzie wapi? (na piko je?)

MamaPacha_Kisauni:

Habari zenu watu wa Mombasa. Nna swali na msinicheke. Mimi ni mtu wa bara lakini nimekaa huku mpaka wanangu wamekuwa Wapwani kuniliko, sasa kila Idi ikikaribia watoto wote wa plotini wanatoka na mikono imechorwa maua mazuri na wangu wanarudi ndani wamenuna. Wasichana ni pacha wana miaka saba, kuna kaka yao wa miaka kumi anajifanya hataki lakini namuona anavyochungulia, alafu kuna kachanga ka miezi mitatu. Likizo hii nimeamua tutafanya wenyewe hapa nyumbani, iwe shughuli ya mchana mzima, maana nimechoka na katuni na simu toka asubuhi hadi usiku.

Fundi wa hina yuko hapa karibu na anajua kazi, lakini wakati wa sikukuu foleni yake ni bibi harusi na mashoga zake wote, mtoto anaketi pale mpaka analala. Na pia nataka wachore, si kuchorewa tu.

Sasa dukani nimeonyeshwa vitu vitatu: unga wa hina wa pakiti, koni zilizo tayari, na kale kaboksi ka piko, ile rangi nyeusi ya kuchora. Muuzaji akaniambia piko ndo nzuri kwa watoto ati inashika haraka na inatoa rangi nyeusi, hawatasumbuka kungoja. Nikasema wacha niulize kwanza. Nichukue gani? Unga unakorogwa na nini, maji tu ama? Inakaa muda gani mkononi kwa mtoto ambaye hawezi kutulia hata dakika mbili? Na mvulana akitaka ni sawa ama atachekwa? Sisi ni Wakristo, sidhani kuna atakayekasirika lakini nauliza pia hilo. Asanteni.

UmmNuha_Kibokoni:

Karibu mamii. Hakuna wa kukasirika, wapake wanao raha zao, mimi ikifika Disemba nawachora majirani zangu Wakristo mpaka mkono waniuma.

Kiboksi cha piko kiache huko huko dukani. Hilo wengine watakueleza vizuri, mimi wacha nishike hina yenyewe maana ndo kazi yangu.

Chukua unga. Unga mzuri wautambua kwa mato na pua, rangi ni kijani ya jani kavu na harufu ni ya majani. Ukiwa wa kahawia ushazeeka au ulipigwa jua, ukiwa kijani cha kung'aa sana shaka umetiwa rangi. Mwingi watoka India, kule Rajasthan mji wa Sojat, na wa Sudan pia huja. Mwambie muuzaji wataka ule wa mwili, si wa nywele, maana wa nywele husagwa ovyo una vijiti ndani vyaziba koni, na tena baadhi ya pakiti za nywele zilizoandikwa hina nyeusi ndani mna dawa ile ile ya piko. Geuza pakiti usome nyuma. Hina tupu imeandikwa Lawsonia inermis na basi, hakuna kingine.

Ukifika nyumbani chekecha tena, usiamini walivyoandika. Tumia soksi ndefu ya nailoni au mtandio mwepesi wa zamani. Kazi hii wape wale pacha, wataipenda, ila wafunge pua na mdomo kwa kitambaa na kama kuna mwenye pumu asikaribie, lile vumbi lawasha.

Kukoroga sasa. Unga gramu 100 wawatosha na utabaki, ndimu kamua uchuje mbegu na nyama zake, mimina kidogo kidogo huku wakoroga mpaka iwe nzito ya mtindi. Usimimine yote kwa pamoja, ikiwa maji hairudi. Sukari vijiko viwili vya chai, hiyo ndo yaifanya ishikane na ngozi isipasuke na kuanguka ikikauka. Alafu funika kwa nailoni ilale juu ya hina yenyewe isipate hewa, iweke jikoni mbali na jua. Ukikoroga asubuhi baada ya chai, kwa joto letu hili alasiri iko tayari, wenzetu wa Nairobi baridi yao huenda wakangoja mpaka kesho yake. Ndimu yaitoa rangi ndani ya jani polepole, kwaivo anayekoroga na kupaka hiyo hiyo saa hupata kirangi cha chai ya maziwa alafu asema unga mbaya. Utajua imeiva ukiona juu imegeuka kahawia na chini bado kijani, na ukitia tone kiganjani ukalifuta baada ya dakika chache laacha rangi ya chungwa.

Kwa mtoto mwenye ngozi nyepesi kuwashwa changanya ndimu nusu na chai ya rangi iliyopoa nusu. Wengi wetu tukipaka maharusi twatia mafuta ya karafuu au mkaratusi ikolee, kwa watoto mimi sitii, karafuu huchoma na mkaratusi si wa watoto wadogo. Matone machache ya mafuta ya lavenda yatosha, na hata bila mafuta hina yashika, haitakuwa nyeusi tu. Na tafadhali watu wa petroli na mafuta ya taa, najua mpo hapa, nyamazeni.

Koni watengeneza kwa ile karatasi ya nailoni ing'aayo ya kufungia zawadi. Kata kipande cha mstatili, zungusha mpaka ncha iwe ya sindano, funga kwa seloteipu, tia hina nusu tu alafu kunja nyuma ufunge tena. Zamani tulikuwa twakata mifuko ya dukani, lakini tangu marufuku ya mifuko 2017 hiyo haipo, na kusema kweli haikuwa ikitoa ncha nzuri. Kwa mkono wa mtoto tengeneza koni ndogo, ya kushikwa kwa vidole vitatu, koni kubwa humshinda akaifinya yote ikatokea nyuma.

SultaniWaBondeni:

Dada zangu mbona mateso yote haya 😂 koni ziko tayari zajaa Biashara Street, wanunua, wakata ncha, wachora, kwisha. Kuchekecha soksi, kukamua ndimu, hiyo ni hina ama ni biriani?

UmmNuha_Kibokoni:

Sultani wewe kaa na biriani yako. Hina ya kweli iliyokorogwa, nje ya friji yakaa siku moja mbili tu rangi ikafa. Sasa koni ambayo imelala kwenye kabati la kioo la duka sijui tangu lini na bado yatoa rangi kali, kuna kitu ndani kinachoiweka hai na si ndimu. Ikate uinuse. Ikikupiga harufu ya petroli au ya rangi ya nyumba itupe. Na ikikwambia inatoa nyeusi au nyekundu ya damu ndani ya nusu saa pia itupe, hina haijui haraka. Kuna mafundi hapa mjini wakoroga wenyewe na kuziuza zimegandishwa kwenye friza, hizo nunua ukitaka kukwepa kazi, lakini mama hapa amesema ataka shughuli ya watoto, na shughuli yenyewe ndo hiyo ya kukoroga.

BabaRahma_Tudor:

Mimi ni mwanamume lakini nina mabinti watatu na mama yao hufanya kazi zamu za usiku, kwaivo mambo ya hina yaliniangukia mimi na nshayazoea. UmmNuha amemaliza upande wa hina, wacha nikwambie upande wa watoto maana huo ndo mgumu.

Usianze na mkono. Siku ya kwanza wape karatasi, waweke kiganja juu wakizungushie kalamu, kila mtoto atoke na mikono yake miwili kwenye karatasi, alafu wachore maua humo kwa penseli. Hapo utaona kila mmoja anataka nini, mwengine ataka maua ya Kiarabu yale makubwa yenye majani yanayopanda kidoleni, mwengine ataka ya Kihindi yaliyojaa mpaka kwenye kiwiko (huyo mwambie kwa upole kwamba haitawezekana). Mchoro wa karatasi alafu wautia chini ya kioo au nailoni ngumu, mtoto anafuata mistari juu yake kwa koni, akimaliza mnaikwangua hina na kijiko mnairudisha kwenye koni. Hakuna kilichoharibika na mkono ushajifunza kufinya. Kufinya ndo kila kitu, wadogo hufinya kwa ngumi nzima, wafundishe kufinya kutoka nyuma kwa kidole gumba, na ncha isiguse ngozi, iinuke kidogo na uzi wa hina uangukie wenyewe.

Kitu cha kwanza kwenye ngozi iwe vitone. Kitone kikubwa katikati ya kiganja, vitone vidogo vikizunguka, tayari ni ua, na hata mtoto wa miaka minne aweza. Baada ya hapo kitone kivutwe kwa kijiti cha meno kiwe jani. Kwa vitone, jani na mstari wa kujipinda unaweza kuchora maua yote unayoyaona mikononi mwa maharusi, ni kuyapanga tu. Wakikosea futa haraka kwa pamba yenye maji, ndani ya dakika moja mbili haijashika.

Mahali: kaeni chini kwenye mkeka wa zamani, nje barazani au uani, si kwenye kochi. Nguo za zamani. Kila mtoto aende chooni KABLA, hili andika kwa herufi kubwa ubandike ukutani. Na wale kabla, maana mwenye hina mikono yote miwili inabidi umlishe kama ndege. Ndo sababu kwetu tunachora mkono mmoja tu kwa siku, wa kushoto, wa kulia wanabaki nao kula na kushika rimoti. Hina ikikauka juu, baada ya robo saa au zaidi hivi kwa huu unyevunyevu wetu, paka maji ya ndimu na sukari kwa pamba taratibu ili isianguke, alafu hapo sasa ndo wakati wa katuni, samahani mama lakini katuni hapo zina kazi yake. Watu wazima wanakaa nayo saa nne, sita, wengine wanalala nayo. Mtoto akikaa saa moja na nusu mimi namshukuru. Haitakuwa nzito lakini itaonekana.

Wakibandua wasiende kwenye mfereji! Waikwangue ikiwa kavu na mgongo wa kisu cha mezani au wasuguesugue mikono kwa mafuta ya nazi, na maji wasiyaguse mpaka kesho yake kadri mtakavyoweza. Waambie mapema kwamba itatoka rangi ya chungwa, kama ya karoti, kwa sababu wangu wa kati alilia siku hiyo akidhani imeharibika. Inaendelea kukolea yenyewe siku ya pili na hata ya tatu. Viganja na nyayo hukolea sana kwa kuwa ngozi pale ni nene, mgongo wa mkono daima utakuwa hafifu, kwaivo ua lako zuri liweke kiganjani.

Na mvulana mpe koni. Akiona haya kuchorwa mwambie yeye ndo fundi, awachore dada zake. Kijana wa jirani yangu alianza ivo na sasa mkono wake umetulia kunishinda.

Shoga_wa_Majengo:

Mie nashangaa mwaiogopa piko kana kwamba ni sumu ya panya. Sisi tumekua tukipakwa piko, dada zangu wote wameolewa na piko, maua meusi yameiva yapendeza yaonekana hata kwenye picha, hii hina yenu ya chungwa kwa ngozi nyeusi haionekani. Kama mtu ana alaji (mzio) ni yeye na alaji yake. Changanyeni na hina kidogo mpake, watoto hawatakufa.

NesiLikoni:

Shoga nimekusoma na sitaki tugombane, na hilo la ngozi nyeusi una haki, mgongo wa mkono wa mtu mweusi hina haionekani sana, ndo maana Baba Rahma amesema kiganjani. Lakini piko yenyewe wacha niieleze kwa sababu mimi ndo niko upande wa pili wa kaunta wanapoletwa.

Piko ni rangi ya nywele. Dawa iliyo ndani inaitwa PPD, kirefu chake parafenilinidayamini. Ulaya sheria inaruhusu itumike kwenye rangi ya nywele tu, isizidi asilimia 2 ikishachanganywa, na kupaka kwenye ngozi hairuhusiwi kabisa. Huku kwetu fundi anachota kwa kijiko na kukoroga na maji, hajui ni asilimia ngapi na wewe hujui, na inakaa moja kwa moja kwenye ngozi ya mtoto ambayo ni nyembamba kuliko yako.

Unachosema kwamba mlipakwa na hamkupata kitu ni kweli kwa wengi, na hapo ndo mtego ulipo. Mara ya kwanza mwili unaweza kunyamaza kabisa, lakini kinga ya mwili imeshaijua. Ukija kupakwa tena, siku moja mbili baadaye panawasha, panavimba, panatoka malengelenge yanafuata ile ile michoro, yaani ua lote limeinuka kwa maji. Yakipona panaweza kubaki alama, nyeupe au nyeusi, miezi mingi. Na alaji hiyo haiondoki, ni ya maisha. Mtoto wa miaka saba aliyeipata leo, akiwa mtu mzima hawezi kutia rangi ya nywele bila kuvimba uso, na wengine huja wakadhurika hata na rangi za nguo, baadhi ya mipira, na baadhi ya dawa za ganzi. Ndo maana siwezi kusema ni yeye na alaji yake, kwa sababu mara nyingi alaji yenyewe ameipata kwenye hiyo piko. Kuchanganya na hina hakusaidii chochote, PPD inabaki pale pale.

Ukiona mtoto ameshapakwa na panawasha: osha kwa sabuni na maji mengi, usipake dawa ya meno wala mafuta ya nguruwe wala sijui nini, mlete akaonwe, na ukumbuke kumwambia daktari neno piko.

Hata kwa hina safi jaribu kwanza. Tone moja ndani ya mkono karibu na kiwiko, ngoja mpaka kesho. Na kitu kingine kidogo kwa watu wa Mombasa: ile ndimu ya kupaka juu, mtoto asitoke nayo juani wala asikimbilie bichi akiwa ana ndimu ngozini. Ndimu na jua zikikutana kwenye ngozi zinaunguza, unapata alama nyeusi ukidhani ni hina.

BiMkubwa_MjiWaKale:

Asalaam aleikum wanangu. Mimi hii simu nimeandikiwa na mjukuu, mimi nasema yeye aandika. Sisi zamani hina hatukununua, mhina ulikuwa uani, twachuma majani machanga twayatwanga kwenye kinu na ndimu, twawapaka watoto kiganja chote na vidole na nyayo, maua hayakuwa mengi hivi, ilikuwa ni kuvika mkono wote. Watoto wa kiume ndogo twawatia nukta kiganjani na hakuna aliyesema neno, akishakuwa mkubwa ndo huachwa, kwetu Waislamu masheikh wengi husema mwanamume asijipambe mikono kwa hina, wazee huitia kwenye ndevu. Wewe mwanangu wa Kisauni wako mpake tu, yungali mtoto.

Na Idi msipake usiku wa mwisho kama wafanyavyo vijana wa siku hizi, asubuhi mkono wang'aa chungwa mwenda kuswali. Pakeni siku mbili kabla. Najua mtasema mwezi, ishirini na tisa au thelathini, na huku kuna wanaofuata mwezi wa hapa na wanaofuata wa Saudia, basi pakeni usiku wa ishirini na nane, mwezi uandame utakapoandama, hina itakuwa imekolea.

Huyo mchanga pia tulikuwa twawapaka nyayo wakitimia arubaini. Wapendeza.

NesiLikoni:

Shikamoo bibi. Hapo kwa mchanga naomba nikukatize kwa heshima zote, na MamaPacha hili lisome pole pole. Mtoto mchanga usimpake hina, hata iliyo safi kabisa.

Kuna upungufu wa kurithi wa kimeng'enya kinachoitwa G6PD, kile kinacholinda chembe nyekundu za damu. Huku Pwani na sehemu zote za malaria ni wa kawaida, na watoto wa kiume ndo unawashika zaidi. Mwenye nao anaishi vizuri, mara nyingi hata hajui, mpaka akutane na kitu kinachovunja chembe nyekundu za damu yake. Baadhi ya dawa za malaria na za salfa zinafanya ivo, vile vidonge vyeupe vya naftalini tunavyoweka kwenye sanduku la nguo pia, na hina imo kwenye orodha hiyo, ile rangi yake inapenya kwenye ngozi nyembamba ya mtoto na kuingia damuni. Nchi za Ghuba ambako pia wanapaka wachanga hina, madaktari wameandika visa vya watoto waliofikishwa hospitali na damu imeisha, na kuna aliyefariki. Dalili ni mtoto anakuwa mweupe mdomoni na viganjani, macho manjano, mkojo unakuwa mweusi kama soda ya kola, analegea au anapumua haraka. Ukiona hayo baada ya hina au dawa yoyote usingoje asubuhi.

Na hata hawa wakubwa, kama kuna aliyewahi kupata manjano sana alipozaliwa au aliyewahi kuongezwa damu bila sababu kueleweka, au katika familia kuna mwenye upungufu wa G6PD, uliza kwanza, kuna kipimo cha damu. Kwa mtoto mzima wa afya, ua dogo la kiganjani linatosha, usimpake miguu yote na mikono yote kwa siku moja.

BiMkubwa_MjiWaKale:

Marahaba mwanangu. Hilo la damu mimi sikulijua, sisi tulikuwa twasema mtoto kapata jicho. Basi asipakwe, atapakwa akikua, hina haikimbii.

Shoga_wa_Majengo:

Hayo ya rangi ya nywele yamenigusa kidogo maana dada yangu kila akitia rangi kichwa chawasha na uso wavimba na hatukuwahi kuunganisha. Mie bado nasema piko yapendeza. Lakini watoto basi, sawa.

NesiLikoni:

Dada yako asitie tena Shoga, tafadhali. Hata ile inayoandikwa ya asili, asome boksi kwanza.

MamaPacha_Kisauni:

Jamani asanteni sana, nimesoma yote mara mbili. Mchanga nimeshamtoa kwenye mpango. Kaka mtu nimemwambia yeye ndo fundi, alikubali bila hata kuringa na sasa hivi yuko na penseli anachora samaki, ati yeye hachori maua. Samaki wanakubalika?

Maswali mawili ya mwisho. Skuli yao haitaki hina, likizo ikiisha na bado ipo mkononi naitoaje? Na gramu 100 naona kwa mikono midogo itabaki nyingi, itaharibika?

BabaRahma_Tudor:

Samaki wanakubalika na papa pia. Hina iliyobaki kwenye bakuli wape wapake kwenye chetezo cha udongo au mshumaa mnene, kwa udongo inashika, kwa mshumaa ikikauka inakaa juu kama pambo. Kama kuna ngoma ya ngozi nyumbani hapo ndo utaona raha, ngozi ya mbuzi inashika rangi ile ile kama ya mkono.

UmmNuha_Kibokoni:

Kuitoa, kusema ukweli haitoki, mtu asikudanganye na jiki, utamchubua mtoto bure. Rangi imeingia kwenye ile ngozi ya juu iliyokufa na yaondoka nayo ikibanduka, wiki moja mpaka tatu hivi. Aoshe vyombo, aogelee baharini, afue soksi zake, asuguliwe na mafuta ya nazi na chumvi kidogo, itapungua haraka. Ila bora uhesabu kalenda, pakeni mwanzo wa likizo si mwisho. Au wapake kwenye nyayo, mwalimu hatawavua viatu.

Iliyobaki itie kwenye koni, funga vizuri, mfuko juu yake, friza. Miezi mingi yakaa bila kupoteza rangi. Kwenye friji ya kawaida siku chache tu.

SultaniWaBondeni:

Sasa nimeelewa kwa nini kuna vitu vya ajabu kwenye friza yetu pamoja na sambusa. Mke wangu ameniacha nikidhani ni ukwaju.

UmmNuha_Kibokoni:

Mwambie aandike juu, na usije ukaikaanga. Zikitoka ziacheni ziyeyuke zenyewe mezani, msizitie kwenye maikrowevu, moto waiua rangi yote.